Karakana ya vinanda vya kanisa, Kisumu: mivuo ndiyo, ndimi bado

Kinanda cha Christian Müller kule Haarlem, Uholanzi, kilichokamilika mwaka 1738, kina mabomba takriban 5,000. Vinanda vya kukanyaga vya makanisa yetu havina hata moja. Vinaimba kwa ndimi za shaba, vipande vyembamba vinavyotetemeka upepo ukipita. Lakini vyote huugua ugonjwa mmoja: upepo kuvuja. Karakana hii inautibu vizuri mno.

Fundi hupima kabla ya kufungua. Anafunga vifundo vyote vya kuchagua sauti, anakanyaga mpaka mwisho, anaachia, kisha anahesabu sekunde mvuo, yaani mfuko wa upepo, ukirudi ulipokuwa. Ukirudi upesi, pana tundu. Kitambaa kikuukuu cha mpira hubanduliwa chote, maana kiraka hupasuka kwenye mkunjo. Gundi ni ya ngozi, ile ya kupashwa moto, ili hata fundi wa miaka 50 ijayo aibandue kwa mvuke bila kuvunja mbao. Hiyo ni heshima kwa kinanda!

Kwenye ndimi, wana haraka. Ulimi ulionyamaza mara nyingi una vumbi tu: uchomolewe kwa ndoano, upanguswe kwa brashi laini, urudishwe. Hapa wanakimbilia tupa. Ukikwangua ncha, sauti hupanda. Ukikwangua karibu na shina, hushuka. Ukizidisha, shaba hukonda na kukatika, na kupata ulimi wa kufanana nao ni kazi ngumu.

Vitufe vilivyovimba kwa unyevu wa ziwa wanavilegeza vyema. Wapelekeeni mivuo, ila mpiga kinanda awepo ndimi zikiguswa.