Foals: magitaa yanayojibizana, kutoka sebule za Oxford hadi kwa Tony Allen

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Kabla sijasema neno nawapigia sekunde 20 tu. Tegeni sikio.

Haya. Mmesikia magitaa mangapi hapo? Wengi mtasema moja. Ni mawili. La kwanza linatupa noti mbili tatu, linanyamaza, la pili linaingia palepale kwenye lile pengo, na kabla hujatulia la kwanza limesharudi. Yote mawili yanapigwa huku chini ya shingo, karibu na tumbo la gitaa, ndiyo maana sauti ni nyembamba na kavu kama vijiti. Ukiwa umekulia kwenye nyumba yenye kanda za Sikinde au za Franco hushangai: mpiga solo anauliza, mpiga ridhimu anajibu. Ila hawa ni vijana wa Oxford, Uingereza, na bendi yao inaitwa Foals.

Hapa mezani nina albamu zao saba, za 2008 hadi 2022, na hii santuri fupi ya pembeni nitaifikia mwishoni. Nimezisikiliza upya kwa mpangilio zilivyotoka, na kwenye kila moja nilikuwa nafuatilia jambo hilohilo moja: yale magitaa bado yanaongea?

Bendi ilianza mwaka 2005. Yannis Philippakis anaimba na kupiga gitaa, Jimmy Smith gitaa la pili, Jack Bevan dramu, Walter Gervers besi, Edwin Congreave kinanda. Yannis baba yake ni Mgiriki na mama yake anatoka Afrika Kusini. Alizaliwa Ugiriki, akapelekwa Uingereza angali mdogo. Kabla ya Foals, yeye na Jack walikuwa kwenye bendi iitwayo The Edmund Fitzgerald, iliyopiga ile roki inayoitwa roki ya hesabu: unahesabu mapigo matano, mara yamekuwa saba, mguu wako haujui ukanyage wapi. Muziki wa kusikilizwa umekunja mikono. Foals walizaliwa kwa kutaka kinyume chake. Walibaki na vidole vya ile roki ya hesabu, lakini chini yake wakaweka mdundo ulionyooka ili watu wacheze, wakaenda kupiga kwenye sebule za nyumba za kupanga, watu wamebanana mpaka mlangoni.

Albamu ya kwanza ni hii, Antidotes, ya Machi 2008. Hapa nitakaa kidogo, maana kuna kisa kinachoeleza bendi nzima. Mwaka 2007 walikwenda Brooklyn, New York, kurekodi na Dave Sitek wa bendi ya TV on the Radio, prodyuza aliyekuwa akitafutwa na kila mtu wakati ule. Wakaletwa wapiga tarumbeta na saksofoni kutoka Antibalas, bendi ya palepale New York inayopiga Afrobeat, ule muziki wa Fela Kuti. Kazi ikaisha, Sitek akachanganya sauti kwa namna yake, mwangwi mwingi, kila kitu kinaelea. Vijana wakasikiliza, wakakataa. Wakarudi Uingereza na kuchanganya albamu upya wenyewe. Fikiria: ndiyo albamu yako ya kwanza, hujulikani, na unamkatalia mtu mwenye jina kubwa kuliko lako mara kumi.

Nasema walikuwa sahihi, na sababu yake unaisikia ukiweka wimbo wa Cassius au Balloons. Magitaa ya namna hii yanaishi kwenye ule ukimya kati ya noti na noti. Gitaa la pili linahitaji pengo la kuingilia. Ukimwaga mwangwi, noti ya kwanza inaendelea kulia mahali ambapo ya pili ilitakiwa kusimama, mazungumzo yanageuka kelele. Santuri waliyoitoa ni kavu, kila ala ina kiti chake, na ukiisikiliza kwa hedifoni unamjua Yannis upande huu na Jimmy upande ule. Ilifika namba 3 kwenye chati za Uingereza.

Udhaifu wake ni sauti ya mwimbaji. Yannis wakati ule alikuwa hajaanza kuimba, alikuwa anapaza vipande vifupi vya maneno kama mtu anayetoa amri. Nyimbo tano za mwanzo zinakubeba. Zikifika nane, umechoka kuamriwa. Na kwenye toleo la Uingereza waliziacha nje Hummer na Mathletics, nyimbo mbili zilizowapa jina. Zitafuteni, ni moto.

Sasa shusheni pumzi. Total Life Forever, Mei 2010. Walirekodi Gothenburg, Uswidi, na prodyuza Luke Smith. Wimbo wa kwanza, Blue Blood, unaanza na Yannis peke yake, na safari hii anaimba. Polepole, kama anayejaribu sauti yake chumbani. Miaka miwili tu imepita na huyu ni mtu mwingine.

Wimbo ninaotaka mkausikilize leo usiku ni Spanish Sahara. Unakaribia dakika 7. Mwanzo karibu hakuna kitu: sauti ya chini, gitaa linagusagusa, mdundo kama wa moyo. Unasubiri kiitikio, hakiji. Dakika ya pili, hakiji. Wanaongeza kitu kimoja, kisha kingine, kila kimoja kwa upole kiasi kwamba hujui kimeingia lini, na ghafla unajikuta katikati ya mawimbi. Mara ya kwanza niliusikia ndani ya daladala usiku, foleni imesimama, na nilipitiliza kituo changu. Nimerudi kuusikiliza mara nyingi nikitafuta ni wapi hasa unapogeuka. Sijapata alama moja, na ndiyo ufundi wenyewe. Bendi iliyojulikana kwa kuparura noti kumi kwa sekunde ilijifunza kungoja. Magitaa bado yanajibizana humo, ila sasa mmoja anauliza na mwenzake anafikiri kwanza.

Hii ndiyo albamu yao bora. Najua mashabiki wengi watanibishia, karibuni, lakini sibadilishi. Iliingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka huko Uingereza, mwaka huo na haikushinda.

Holy Fire ilitoka Februari 2013. Hapa wanafanya kazi na maprodyuza wawili wakubwa, Flood na Alan Moulder, na mlango wa viwanja vikubwa unafunguka. Inasimuliwa kwamba wale wawili waliwaambia vijana wapige tu kama mazoezi, wasiwe na presha, huku mashine zinarekodi. Ukisikiliza unaamini, kwa sababu Inhaler ina ule ulegevu wa watu wasiojua wanasikilizwa, halafu kiitikio kinapofika gitaa linashuka kama ukuta umeanguka. Foals kabla ya hapo hawakuwahi kuwa wazito namna hii. Papo hapo baada yake unapewa My Number, wimbo wa kuchezwa harusini kabisa, na gitaa lake ni lile la sebule za Oxford, limepigwa pasi na kuvalishwa suti. Kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia bendi hii na anataka aipende ndani ya dakika tisa, nampa nyimbo hizo mbili.

What Went Down ya Agosti 2015 inasifiwa sana. Mimi naiheshimu bila kuipenda. Waliirekodi kusini mwa Ufaransa, Saint-Rémy-de-Provence, mji ambao Van Gogh alilazwa kwenye hifadhi ya wagonjwa wa akili, na prodyuza alikuwa James Ford. Wimbo uliobeba jina la albamu ni hasira tupu, na jukwaani unawaka, sikatai. Shida yangu ni kwamba gitaa limekuwa moja. Kubwa, nene, zuri, lakini moja. Bendi mia za roki zinaweza kukupigia gitaa la namna hiyo. Yale mazungumzo nayasikia vizuri kwenye Birch Tree tu, na kila nikiifikia naongeza sauti. Mwaka uliofuata walikuwa miongoni mwa vinara wa tamasha kubwa za Uingereza, Reading na Leeds, kwa hiyo ule ukubwa uliwalipa. Masikio yangu ndiyo yaliyolipia.

Mapema 2018 Walter, mpiga besi, akaondoka kwa amani. Waliobaki wakaamua kujisimamia wenyewe studio, Peckham, London, na zikatoka albamu mbili ndani ya mwaka mmoja: Everything Not Saved Will Be Lost, sehemu ya kwanza Machi 2019, ya pili Oktoba. Besi walijigawia humohumo ndani. Sehemu ya kwanza ina vinanda vingi na wasiwasi kuhusu dunia inayoharibika, hali ya hewa, miji, ndege. In Degrees ni wa kucheza na unaogopesha kwa pamoja. Sehemu ya pili ni ya magitaa mazito na ndiyo iliyowapa namba 1 ya kwanza nyumbani kwao. Namba si kila kitu: sehemu ya kwanza ni bora. Mkinunua moja, chukueni hiyo, halafu katika ya pili msikilize Neptune peke yake, dakika kama 10 za kufunga kazi. Februari 2020 wakachukua tuzo ya Brit, tuzo kubwa za muziki za Uingereza, ya kundi bora.

Edwin naye akaenda, mwaka 2021, akasome uchumi Cambridge. Wakabaki watatu: Yannis, Jimmy na Jack. Life Is Yours ya Juni 2022 imetungwa katika majira ya baridi ya kufungiwa ndani kwa korona, na kila wimbo unatamani kutoka nje. Kuna jua, kuna besi inayorukaruka, na kuna magitaa mawili tena! Wekeni 2am au Looking High. Jimmy na Yannis wanaongea kama zamani, wakiwa watu wazima sasa, hawakimbilii neno. Kosa lake ni kung'arishwa kupita kiasi. Maprodyuza ni wengi na kila mmoja kapitisha kitambaa chake, mpaka baadhi ya nyimbo hazina pa kushika. Hata hivyo ni albamu yao ninayoipiga mara nyingi Jumamosi asubuhi nikifagia.

Sasa hii fupi. Jina la kundi ni Yannis & The Yaw, jina la kazi ni Lagos Paris London, nyimbo tano, Agosti 2024. Mwaka 2016 Yannis alikwenda Paris kurekodi na Tony Allen. Huyo ndiye aliyekaa kwenye dramu za Fela Kuti na Africa 70, na mdundo wa Afrobeat kama tunavyoujua ulitoka kwenye mikono na miguu yake. Kazi ikasimama kwa sababu kila mmoja alikuwa na ratiba zake, na Aprili 2020 Tony Allen akafariki hapohapo Paris, akiwa na miaka 79. Yannis akaimalizia.

Naomba msikilize Walk Through Fire mkiwa mmetoka kwenye Antidotes, bila kupumzika katikati. Mwaka 2007 Yannis alikuwa kijana aliyekodi wapuliza tarumbeta wa Afrobeat wakoleze nyimbo zake. Hapa amekaa na mwenye shamba. Na gitaa lake limepunguza maneno kabisa. Linatupa noti tatu, linatulia, na safari hii anayeziba pengo ni mguu wa mzee kwenye dramu kubwa. Halikosei. Nimerudisha sekunde zile mara sita jana, na sasa nawapigia ninyi. Ongezeni sauti.