Kununua suti Lubumbashi kwa mtu anayenenepa na kukonda

Mwili wangu hautulii. Sikukuu za Desemba zikiisha, mkanda unagoma. Malaria ikinipitia, suruali ileile inanishuka nikiwa nimesimama kanisani. Kwa miaka nilinunua kostime, yaani suti, kwa mwili wa siku hiyo, nikajuta. Siku hizi natazama kwanza akiba, yaani kitambaa kilichokunjwa ndani ya mshono ili kifunguliwe mtu akinenepa, na kwa kipimo hicho ndivyo ninavyopanga chaguo zetu, nikianza na lililo bora.

La kwanza: koti moja, suruali mbili, kwa fundi. Nunua kitambaa cha zote tatu siku moja, kutoka jora moja, maana rangi ya jora jingine haifanani. Ukipata sufu nyepesi, chukua: baridi ya asubuhi za Juni inaivumilia, na mikunjo yake hujinyoosha yenyewe ikitundikwa. Suruali ya kwanza ikatwe kwa kiuno cha leo, ya pili izidi sentimita 4. Omba marinda mbele na vishikizo vya kubania pembeni mwa kiuno badala ya mkanda. Koti liwe la safu moja ya vifungo. Ukinenepa utalivaa wazi na bado litapendeza, jambo ambalo la safu mbili halikuruhusu.

Lililo muhimu kuliko yote, liseme kabla fundi hajashika mkasi: aache akiba ya sentimita 3 kila upande kwenye mshono wa nyuma wa suruali, na 2 mbavuni mwa koti. Wapo wanaoipunguza ili mshono ulale vizuri. Fundi mmoja alinifanyia hivyo. Niliporudi nimeongezeka, aliigeuza suruali, akapitisha kidole mshononi polepole, akaniambia, "Papa, hapa hakuna kitu cha kufungua." Ilikuwa kostime ya harusi ya mdogo wangu, na nilikuwa nimeivaa mara mbili tu. Iliniuma.

La pili: mitumba. Pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mwenye subira hupata suti ya zamani ya sufu iliyoshonwa kwa ukarimu. Anza na mabega. Bega likizidi au likibana, mrudishie mama muuzaji nguo yake, kwa sababu kurekebisha bega ni kulibomoa koti zima. Namba ya Ulaya ni nusu ya kifua: 50 ni kifua cha sentimita 100. Kisha geuza suruali hapohapo, utafute akiba ya upana wa vidole viwili nyuma. Linganisha rangi pia. Kama nje kumepauka na ndani bado kuna rangi nzito, mshono ukifunguliwa utaacha mstari ambao hakuna pasi itakayouficha.

La tatu ni koti la rangi moja na suruali za rangi nyingine. Ukiongezeka unabadilisha suruali tu. Kwa ofisi inatosha; kwa ndoa au matanga, kwetu watu bado wanatarajia suti kamili.

La mwisho: suti mpya ya dukani, ya kubana. Nyingi zina mshono mwembamba, hivyo haziongezeki, na kitambaa cha ndani ya kifua kimebandikwa kwa gundi. Yangu ilinyeshewa mara moja tu, kifua kikatoa malengelenge. Kama huna njia nyingine, chagua inayokaa mabegani na kukutosha ukiwa mnene, kwani kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Usipunguze kiuno cha suruali zaidi ya sentimita 5 hivi, la sivyo mifuko ya nyuma itakaribiana.

Jaribu suti yoyote jioni, baada ya kula bukari (ugali), na ukae kitini. Mikunjo ikitoka kwenye kifungo kwenda pande zote za tumbo, mwambie fundi asogeze kifungo sentimita 1 kwanza, kabla hajagusa mshono wowote.