Pikapu ya dizeli au ya petroli? Pima mzigo wako kwanza

Mwezi uliopita kijana mmoja jirani yangu, anayenunua mboga Nyandira, kwenye milima ya Mgeta, na kuzishusha Morogoro mjini, alinisimamisha getini. "Shikamoo mzee. Nimepata Hilux mbili, bei zinakaribiana. Moja dizeli, moja petroli. Nichukue ipi?" Nikamuuliza: kwa wiki unapanda Mgeta mara ngapi, na unashuka na kilo ngapi? Hakuwa na jibu. Rangi aliijua, rimu alizijua, mpaka redio aliijua. Mzigo hakuwahi kuupima.

Wengi tunanunua hivyo. Tunabishana dizeli na petroli kama Simba na Yanga, kila upande na mashabiki wake wasiosikia. Lakini kinachoamua ni kilomita zako za mwezi, uzito unaobeba, na umbali kati yako na fundi mwenye vifaa. Hapa nitatumia zaidi Hilux kwa mifano, maana ndiyo imejaa nchini na ndiyo ninayoijua mpaka nati. Ukiwa na Isuzu, Nissan au Mitsubishi, hesabu ni ileile.

Mlimani ndiko kwenye tofauti

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina plagi za cheche: inabana hewa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Injini ya petroli ya Hilux ya lita 2.7, ile iitwayo 2TR, iliyotoka kabla ya 2015 inabana kwa uwiano usiofika 10 kwa 1. Dizeli kongwe ya Toyota iitwayo 5L inabana kwa zaidi ya 20 kwa 1. Ndiyo maana injini ya dizeli ni nzito, ina kelele, na inapotunzwa inadumu.

Sasa angalia nguvu ya kuvuta. 2TR inatoa 241 Nm (Nm ndicho kipimo cha nguvu hiyo), lakini inazifikisha kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika. Dizeli ya 2.5 D-4D, yaani 2KD yenye turbo (inayosukuma hewa ndani ya injini) na intakula (inayoipoza hewa hiyo), inafika 343 Nm kuanzia mizunguko 1,600 hivi. Kwa lugha ya barabarani: ukiwa na tani moja nyuma na mlima mbele, wa petroli atashuka gia na kuiliza injini, wewe wa dizeli unapanda taratibu kwa gia ileile huku mnaongea. Ukishuka na gari tupu kwenye lami, wa petroli anakupita, tena kimya kimya.

Tahadhari moja ambayo madalali hawaisemi: 2KD zipo za aina zaidi ya moja. Isiyo na intakula ina nguvu ndogo sana kuliko nilizozitaja hapo juu. Fungua boneti uangalie mwenyewe, usiishie kusoma "D-4D" ubavuni.

Hesabu ya mafuta

Kwa madereva wengi ninaowajua, 2.7 ya petroli ikiwa kazini inatoa kilomita 7 mpaka 9 kwa lita, na 2.5 ya dizeli inatoa 10 mpaka 12. Tuchukue 8 na 11. Bei za EWURA, mdhibiti wa mafuta Tanzania, hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mara nyingi petroli na dizeli zinapishana kidogo tu, mwezi huu hii iko juu, mwezi ujao ile. Basi tuseme zote ni shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi.

Ukitembea kilomita 1,500 kwa mwezi, petroli itakula lita 188, dizeli 136. Unaokoa kama shilingi 153,000. Ikiwa gari ya dizeli imeizidi ya petroli bei kwa milioni sita, utairudisha tofauti hiyo baada ya miaka mitatu na zaidi, kama hakuna nozeli, kile kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini, itakayokufa katikati. Ukitembea kilomita 4,000 kwa mwezi, unaokoa zaidi ya laki nne, na milioni sita zinarudi ndani ya miezi kumi na tano. Weka namba zako. Kwa maoni yangu, chini ya kilomita 2,000 kwa mwezi dizeli ni mapenzi tu, isipokuwa kama unabeba mizigo mizito kweli.

Halafu kuna gesi, ambayo imeipindua hesabu hii kwa watu wa Dar es Salaam. Gari ya petroli inafungwa mfumo wa gesi asilia kwenye karakana kama ile ya chuo cha teknolojia cha DIT, na kilo moja ya gesi bei yake iko karibu na nusu ya lita ya petroli huku ikikupeleka mbali kuliko hiyo lita. Mtungi utakula nafasi kwenye bodi na una uzito wa makumi ya kilo, na foleni za vituoni zinajulikana. Ila kama kazi zako ni Kariakoo, Mbagala na Tegeta, petroli iliyofungwa gesi inaishinda dizeli kwa gharama. Ukihamia Songea, hiyo faida umeiacha Dar.

Dizeli za aina mbili

Hapa ndipo watu wanapoumia. Mzee atakwambia "dizeli haifi", na ni kweli kwa dizeli aliyoiendesha yeye: 3L, 5L, 1HZ ya Land Cruiser. Pampu ya kimakanika, umeme kidogo. Injini ikishawaka haidai mengi zaidi ya dizeli na hewa. Fundi wa chini ya mwembe anaifungua na kuifunga.

Dizeli za kisasa ni kitu kingine. Pampu inasukuma mafuta kwenye reli moja kwa mgandamizo unaozidi bar 1,300, kompyuta inaamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Matundu ya nozeli hizo ni membamba karibu kama unywele. Tone la maji au chembe ya vumbi ambayo 5L ingeitafuna na kuendelea na safari, huku inaua nozeli. Na nozeli halisi moja ni mamia ya maelfu ya shilingi, nazo ziko nne.

Dizeli yetu yenyewe si mbaya kama zamani. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa mpaka sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Uchakachuaji nao ulibanwa: EWURA walianza kuweka vinasaba, yaani alama za siri za kugundua mchanganyiko, kwenye mafuta 2010, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya na dizeli kusilipe. Adui aliyebaki ni dumu. Mwaka mmoja wa masika, njia ya Malinyi, mafuta yaliniishia nikanunua dizeli ya dumu kwa mtu wa kando ya barabara. Kumbe dumu lilinyeshewa. Sikufika mbali, taa ya maji kwenye chujio ikawaka, nikaidharau. Nilivutwa na trekta mpaka Ifakara na nozeli mbili zilikwisha. Tangu siku hiyo nina faneli yenye kitambaa, na chujio la dizeli nalibadilisha kila kilomita 10,000 hata kama kitabu kinaruhusu zaidi.

Na hili nalo limebadilika bila watu kulitambua: zamani tuliambiwa ununue dizeli kwa sababu huko vijijini petroli hakuna. Leo bodaboda wameipeleka petroli kila kitongoji, inauzwa kwenye chupa hata mahali pasipo na duka. Dizeli utaipata penye trekta au mashine ya kusaga, kwingine unaitafuta.

Ningezinunua kwa mpangilio huu

*Ya kwanza: dizeli ya turbo ya kizazi cha kati.* 2KD yenye intakula, 1KD ya 3.0, au 4JJ1 ya Isuzu. Kwa mtu mwenye mzigo wa tani kila siku na safari ndefu, sijaona kinachoizidi. Spea zipo, mafundi wamezizoea. Hizo mbili za Toyota zinatumia mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 150,000; ya Isuzu ni mnyororo. Kwenye 1KD uliza kuhusu washa za shaba za chini ya nozeli. Zikivuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, masizi yanaziba kichujio cha oili ndani ya sampu, injini inakosa oili na inanoki. Ukiinunua, anza na kazi hiyo kabla ya kupaka rangi.

*Ya pili: petroli 2.7.* Nimeiweka juu kuliko wengi watakavyotaka. Haina turbo, haina pampu ya mgandamizo mkubwa, inatumia mnyororo, na vipuri vyake vingi ni bei ya kawaida. Kwa duka la vifaa vya ujenzi linalosambaza ndani ya mji, kwa fundi bomba, kwa mwenye shamba kilomita ishirini kutoka nyumbani, hii ndiyo gari. Safari fupi fupi pia hazifai kwa dizeli ya turbo, inachelewa kupata joto na inajaza masizi.

*Ya tatu: dizeli kongwe, 3L na 5L.* Ingekuwa ya kwanza kama tungeweza kuzipata nzima. Nguvu ni ndogo, 5L haivuki sana 200 Nm, mlima Kitonga utapitwa na malori. Lakini huko ndani kabisa, kusiko na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, inakurudisha nyumbani. Ugonjwa wake mkubwa ni silinda hedi kupasuka injini ikichemka. Iliyowahi kuchemka iache, hata ikiuzwa bei ya mkweche.

*Ya nne: dizeli mpya za Toyota ziitwazo GD, 2.4 na 2.8.* Kwa uendeshaji ndizo bora kuliko zote hapa: 2.4 inafika 400 Nm kwenye gia za otomatiki, na zinatumia mnyororo. Nimezishusha kwa sababu ya asili ya gari. Toyota waliacha kuuza Hilux kwa Wajapani 2004 wakairudisha 2017, na hiyo ya kuanzia 2017 ya soko la Japani ina chujio la masizi na inataka pia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Za Ulaya nazo zina chujio la masizi. Ukizitumia kwa safari fupi za mjini, chujio linaziba. Zilizotengenezwa kwa soko la Afrika mara nyingi hazina mzigo huo. Kwa hiyo uliza imetoka wapi kabla ya kuuliza imetembea kilomita ngapi. Na muuzaji akikwambia Hilux yake ya 2010 ilikuwa ya Mjapani, muulize Mjapani gani.

*Ya tano: petroli V6 ya 4.0.* Raha tupu. Kama unapata kilomita sita kwa lita shukuru. Inunue kama mafuta analipa mwajiri.

Na nje ya orodha: wengi wanaonijia kuulizia pikapu wanahitaji kirikuu. Ile Suzuki Carry ya petroli, cc 660, imepangiwa kilo 350. Kama sabuni na soda zako hazizidi hapo, mjadala wa dizeli huna haja nao.

Siku ya kwenda kuiona

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Dizeli yenye afya inawaka baridi bila kulia sana. Moshi mweupe usiokoma, mashaka ya nozeli au mbano umepungua. Wa bluu, inakula oili. Mweusi wakati wa kukanyaga, mafuta ni mengi au hewa haitoshi. Injini ikiwa inaunguruma, fungua mfuniko wa oili uuegeshe juu ya tundu bila kuufunga. Mfuniko ukirukaruka na moshi ukatoka kwa mapigo, injini inapumua, na kwa dizeli hiyo ni ovaholi. Angalia rejeta kama inatoa povu. Kwa dizeli ya Toyota yenye mkanda wa taimingi, washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mkanda huo, T-BELT, inapaswa kuwaka kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliing'oa ili usiulize. Na hata ikizima, taa hiyo inarudishwa nyuma bila mkanda kubadilishwa, kwa hiyo dai risiti, la sivyo jumlisha mkanda mpya kwenye bei.

Kwa petroli kazi ni nyepesi: sikiliza mnyororo asubuhi, sikiliza kama silinda moja inakosa, nusa oili kama ina petroli. Ukishanunua dizeli, andika DIZELI kwa herufi kubwa kwenye kifuniko cha tanki. Kijana wa pampu akikosea akajaza petroli, usiwashe gari hata kwa kuisogeza. Toa tanki lote pale pale.

Yule kijana alirudi baada ya siku tatu. Alikuwa ameazima mizani sokoni: kilo 850 mpaka tani moja, safari nne kwa wiki, pamoja na Dodoma mara mbili kwa mwezi. Nikamwambia basi wewe ni wa dizeli, twende tukaione. Tulifika kwa muuzaji saa moja asubuhi kama tulivyokubaliana. Nikaweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto. Tukaaga, tukaenda kunywa chai.