Tiketi za Vivutio Berlin: Kipi Ulipie, Kipi Uone Bure

Mgeni wa siku 2 au 3 Berlin huanza kuuziwa vitu kabla hajaufikisha mzigo hotelini: kadi za punguzo, pasi za makumbusho, mabasi ya watalii ya ghorofa. Mengi ya hayo hana haja nayo. Sehemu kubwa ya yale yanayolipatia jiji hili uzito wake haina kiingilio, kwa hiyo pesa ielekezwe pale penye kitu ambacho hakipatikani kwingine. Tumevipanga kuanzia kinachostahili zaidi.

Cha kwanza, na kwa msomaji wa Kiswahili hatuoni mpinzani wake, ni Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia asilia, barabara ya Invalidenstraße. Hapa ndipo alipo mjusi wa Tendaguru, dinosaria yule anayezungumziwa kila mara bungeni Dodoma. Mifupa yake ilichimbwa mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, kisha ikasafirishwa kwa meli. Alivyosimamishwa ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Fuvu lililo juu ya shingo ni nakala, lakini sehemu kubwa ya mifupa ni halisi. Usiondoke ukimwona yeye tu, kwani dinosaria wengine kadhaa wa ukumbi huo, akiwemo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, nao wametoka Tendaguru. Ukisoma maelezo, litafute jina la Boheti bin Amrani, msimamizi Mwafrika wa uchimbaji ule. Bila watu wake ukumbi huu ungekuwa mtupu. Kiingilio ni kama euro 11, tenga saa 2. Panda treni ya chini ya ardhi U6, ushuke kituo cha Naturkundemuseum. Jumatatu pamefungwa.

Cha pili ni kuba la kioo la jengo la Bunge la Ujerumani, Reichstag. Ni bure, lakini bure hiyo ina masharti, na wengi hurudishwa mlangoni. Omba nafasi mapema kwenye tovuti ya Bunge hilo (Bundestag), ukiandika jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu mtakayekuwa naye. Barua pepe ya kwanza utakayopokea si kibali. Ina kiungo cha kukamilisha maombi, na kibali huja baadaye. Wenye majina matatu wawe makini: yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa sababu mlinzi atalinganisha herufi kwa herufi. Nenda na pasipoti yenyewe, picha ya simu haitoshi. Saa nzuri ni jioni kabla jua halijazama. Kuna siku kuba hufungwa kwa usafi, basi angalia kalenda kwanza. Atakayejaribu kukununulisha "tiketi ya Reichstag" barabarani mpite.

Cha tatu ni Neues Museum, kwenye Kisiwa cha Makumbusho, kwa ajili ya sanamu ya kichwa cha Malkia Nefertiti. Chumba chake hakiruhusu picha. Kata tiketi yenye saa maalumu mtandaoni, hasa kwa wikiendi. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Jambo moja linawaumiza wageni: jirani yake, Pergamonmuseum, imefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati. Upande mmoja unatarajiwa kufunguliwa 2027, lakini Lango la Ishtar, lile la kale kutoka Babeli, liko upande ambao umepangiwa 2037. Ukinunua tiketi ya kisiwa kizima kwa ajili ya lango hilo, utakosa ulichokifuata.

Ukuta wa Berlin usiulipie. Nenda Bernauer Straße (treni ya mjini, S-Bahn, kituo cha Nordbahnhof), ambako kipande cha ukuta kimeachwa pamoja na ukanda wake wa ulinzi, ukaelewa ulivyofanya kazi toka 1961 hadi 1989. East Side Gallery ina michoro kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1, nayo ni bure. Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha ukaguzi mpakani, iruke. Kibanda kilichopo ni nakala.

Mnara wa televisheni tunauweka mwisho. Una mita 368 na jukwaa la watazamaji liko mita 203, ila tiketi inazidi euro 20 na wingu likishuka huoni kitu. Nunua siku ileile baada ya kutazama anga.

Ukibakiwa na nusu siku, panda treni ya U7 au U8 hadi Hermannplatz, kisha tembea hadi Lucy-Lameck-Straße. Mpaka 2021 mtaa huo ulikuwa na jina la Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri na watu wa pwani. Leo una jina la mwanasiasa wa TANU kutoka Moshi. Huko Wedding, sehemu nyingine ya Berlin, barabara iliyokuwa ya mkoloni Carl Peters iligawanywa 2024, na kipande chake kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee.

Kuhusu kadi: WelcomeCard ya kawaida ni usafiri pamoja na punguzo, haikuingizi bure kokote. Museum Pass inafaa tu kama utaingia makumbusho matatu au zaidi, na hutumika siku 3 mfululizo. Ukiianza Jumamosi, Jumatatu yake itapotea kwa kuwa majumba mengi yamefungwa. Hakiki pia kama unayoyataka yamo kwenye orodha yake.

Basi la watalii halina haja. Basi namba 100, kutoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz, hupita Reichstag na Kisiwa cha Makumbusho kwa nauli ya kawaida. Tiketi ya karatasi igongwe mhuri kwenye kimashine kabla ya safari. Isiyogongwa huhesabiwa kama hakuna, na faini ni euro 60. Kanda za nauli A na B zinatosha mjini, ila uwanja wa ndege wa BER uko kanda C, na wakaguzi wanaijua vizuri treni ya kwenda huko. Nunua tiketi ya ABC.