MRI (kipimo cha picha) ya ubongo kwa mzazi anayesahau, hawa jamaa wa kipimo wako vizuri

Nilimpeleka mama maana kusahau kumezidi, na aliyenikosha zaidi ni mwanafizikia wa tiba (mtaalamu wa fizikia ya mashine za hospitali), katueleza taratibu kabisa kwamba MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi ya eksirei, tofauti na CT scan, akatuonyesha kwenye skrini hipokampasi, sehemu inayosaidia kutunza kumbukumbu mpya ambayo kwa wenye Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) husinyaa mapema, na akasema wazi picha peke yake haitoshi lazima daktari alinganishe na vipimo vya kumbukumbu. Nilimheshimu sana hapo. Mashine ina kelele balaa ila mama alipewa vya kuziba masikio na kitufe cha kuita. Majibu tu ndo yanachelewa, wazee wanachoka jamani. Mkienda, mwenye pesimeka (kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo) aseme mapema kabla hajaingia, kwa sababu ya ile sumaku.