Mkanda wa darubini: usihangaike na unene wa sponji, tazama inapoishia

Mwenzenu nilirudi Tanga kutoka msitu wa Amani na alama mbili nyekundu shingoni, moja kulia na moja kushoto. Shangazi alipoziona alinyamaza kwanza. Halafu akaniuliza taratibu, mbele ya watu, huko msituni nilikuwa na nani. Nikamjibu nilikuwa na darubini yangu ya kutazamia ndege. Hakuniamini mpaka nilipoutoa mkanda kwenye begi na kumpitishia mshono wake mkononi, mara tatu. "Kumbe msasa huu," akasema, akaenda kunitafutia mshubiri.

Mkanda wenyewe niliununua Kariakoo. Muuzaji alianza na 50,000, tukavutana mpaka 35,000, nami nikatoka dukani nikijiona mjanja. Sponji yake ilikuwa nene kama andazi. Nikaubonyeza kwa kidole, nikaona mambo ndiyo haya.

Siku ya kwanza msituni, raha. Siku ya pili nikaanza kujikuna. Siku ya tatu nilikuwa nimeishika darubini mkononi kama kikapu cha sokoni, na hondohondo walipopita juu kwa kelele zao, mbawa zikivuma, mimi nilikuwa nahangaika kuufungua mkanda usiniguse. Na Amani si mahali pa kwenda na shingo mbovu. Chozi wa Amani, ndege aliyepewa jina la pale pale, ni mdogo sana na hupenda kukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti. Ukimtaka, utakaza shingo.

Nilipoandika habari hiyo kwa ufupi, wasomaji wakaniletea malalamiko yao. Mmoja ni mwongoza watalii wa Karatu, ameiacha mikanda yote na sasa anatumia kamba ya kiatu. Mwingine anafunga leso chini ya mkanda. Nikaona hili jambo ni letu sote, basi tulizungumze.

Sitazungumzia rangi. Wala sitazungumzia kama mkanda utabeba uzito, maana darubini yangu, Nikon Monarch M5 8x42 (yaani inakuza mara nane na lenzi zake za mbele ni za milimita 42), ina gramu 630, na hata Swarovski NL Pure ya 8x42 ina gramu 840, haijafika kilo ya sukari. Kamba ya chandarua ingeweza kuibeba. Urefu nao karibu mikanda yote hurekebishika. Kinachoniuma mimi, na nikisema kinaniuma sitanii, ni mshono.

Mkanda wa kawaida una kipande kipana chenye sponji kinachokaa shingoni, na tepe mbili nyembamba za nailoni zinazoshuka mpaka kwenye darubini. Pale vinapoungana ndipo penye kasheshe. Kiwandani hukunja utepe, wakaulaza juu ya kitambaa, wakabandika kipande cha ngozi bandia kuficha aibu, kisha wakapiga cherehani mraba wenye msalaba ndani. Hesabu mwenyewe tabaka: nne, pengine tano, kwenye eneo lisilozidi vidole viwili. Ncha ya nailoni nayo huchomwa moto ili isifumuke, na ikipoa inakuwa ngumu kama ukucha. Sisi dukani tunabonyeza sponji katikati, mahali ambapo hapajawahi kumdhuru mtu.

Sasa fikiria kazi ya kutazama ndege ilivyo. Unainua, unashusha, unainua tena kwa sababu ulichodhani ni bundi kilikuwa kisiki. Asubuhi moja nilijaribu kuhesabu, nikafika 80 kabla ya chai nikaacha. Kila unapoinua, mkanda unalegea. Unaposhusha, unakaza, na mshono unatembea kidogo juu ya ngozi, mbele na nyuma. Ngozi imelowa jasho na jasho lina chumvi. Tena hapo chini ya ngozi hakuna nyama, ni mfupa wa mtulinga tu, ule unaotoka chini ya koo kwenda begani.

Kwa nini uangukie hapo hasa? Hili lilinichukua muda kulielewa, nikaazima tepu ya fundi cherehani. Weka mwanzo wa tepu kwenye ule mfupa unaochomoza mwisho wa shingo kwa nyuma, ishushe juu ya bega mpaka upite mtulinga kwa vidole viwili. Mimi napata sentimita 23. Zidisha mara mbili: 46. Maana yake ni kwamba kwa mwili wangu, kipande cha sponji chenye zaidi ya sentimita 46 kitapeleka mshono kifuani, juu ya nguo, ambako haunihusu. Kikiwa kifupi, chini ya 30, mshono utaishia juu ya minofu ya bega, na minofu inavumilia. Katikati ya hapo, kuanzia kama 36 hadi 44, ni balaa tupu. Nikaupima wa Kariakoo: 40 kamili! Na msije mkadhani kuufupisha kunasaidia. Unachofupisha ni utepe. Sponji inabaki ile ile na mshono uko pale pale unakusubiri.

Kwa hiyo ukienda dukani nenda na tepu. Kisha chukua ule mshono, upitishe ndani ya kiwiko, pale ngozi ilipo laini, mara kumi, ukiwa umeukandamiza kidogo. Muuzaji mmoja aliniuliza, "Dada, unanunua au unapima presha?" Nikamwambia napima presha. Ilikuwa imepanda kweli, nilikuwa nimeshaona bei.

Haya, tuje kwenye mikanda yenyewe.

Namba moja kwangu, na ubishi siutaki, ni Op/Tech. Hii ni kampuni ya Montana, Marekani. Hawanijui na hawajanipa hata kalamu, lakini nina upendeleo na nausema mapema. Nauzungumzia ule mkanda wao wa mabegani, Bino/Cam Harness. Huu haukai shingoni kabisa. Unapita mabegani, unakutana mgongoni, na darubini inatulia kifuani bila kuruka ruka ukitembea. Shingo inabaki huru kutazama juu mpaka uchoke mwenyewe. Hakuna sponji, kwa hiyo hakuna mahali sponji inapoishia.

Lakini lililoniteka hasa ni klipu zake. Unabana, darubini inatoka, mkanda unabaki mwilini. Au unafungua zote mbili na kuuvua mkanda kama begi, bila kuupitisha kichwani. Sisi tunaovaa mtandio tunajua thamani ya hilo. Mikanda mingine ya mabegani inataka uivute juu ya kichwa, na ukimaliza mtandio uko puani. Wakati wa swala ukifika njiani sitaki mieleka. Klipu hizo pia zinaingiliana na vipande vyao vingine, hivyo kipande kimoja kikifa hutupi mkanda mzima. Cha kufungia kwenye darubini kinaitwa Uni-Loop, ni uzi mwembamba unaopita hata kwenye tundu dogo. Narudia, tundu dogo, kwa sababu kuna watu hununua mkanda wa kamera wenye utepe mpana, wakifika nyumbani haupiti, wanaanza kuupasua kwa wembe.

Kasoro yake ipo: mikanda inapokutana mgongoni hugombana na begi. Ukibeba begi zito la mgongoni, rekebisha mkanda mpaka kiungo kisogee juu, katikati ya mabega, ama sivyo kitakuchimba. Nimeisema, na bado ni namba moja.

Namba mbili ni Peak Design, ule unaoitwa Slide Lite. Kwa asili ni wa kamera. Upana wake ni milimita 32, na ni utepe laini unaofanana na mkanda wa usalama wa gari, unaoteleza juu ya nguo bila kung'ang'ania. Ukiupitisha ndani ya kiwiko kwa jaribio langu, hukuti kitu. Vishikio vyake ni vidude vya mviringo vyenye uzi, na kampuni inasema kila kimoja kinabeba zaidi ya kilo 90. Kilo tisini! Kwa darubini ya nusu kilo na ushee. Hapo ndipo ninapolalamika, maana tunalipia nguvu za kumnyanyua mtu mzima wakati tunamfuata chozi. Bei inapita dola 50 hata kabla ya kusafirishwa. Wanao wembamba zaidi, Leash, wa milimita 19, lakini kwa darubini yenye lenzi za 42 nauona unakata.

Namba tatu, Op/Tech tena, wa shingoni, wa neoprini, ule mpira laini kama sponji. Mnacheka, chekeni. Neoprini inavutika, kwa hiyo uzito hauhisiki kama jiwe, na kwa safari ya saa mbili ufukweni kutazama chekeamwezi wakati maji yametoka, unatosha. Ila neoprini haipumui. Kwa jua letu la pwani, shingo inachemka kama imefunikwa kwa mkeka wa mpira, na kule kuvutika kwake kukizidi darubini inadunda tumboni kila hatua. Ufue kwa maji baridi ukirudi, uanike kivulini.

Vortex wao wamekuja kivyao. Ukinunua darubini yao ya Diamondback HD unapewa na GlassPak, kifuko cha kifuani chenye mikanda yake. Shingo haiguswi, vumbi haliingii. Kwa mtu anayekaa kwenye gari Tarangire akisubiri, sawa. Kwa kupanda mlima, mimi najisikia nimebeba mtoto kwa mbele, na kifua kinalowa. Ni vitu vinavyomfikiria mwindaji wa nchi za baridi.

Nisipowataja Swarovski mtaniuliza. Mikanda yao ni mizuri, sibishi. Ila kwenye darubini zao zenye mfumo wa FieldPro, mkanda unafungwa kwa kidude cha kuzungusha ambacho ni chao peke yao. Umetoa mamilioni ya shilingi kununua darubini, halafu mkanda wako mwingine hauingii mpaka ununue kiunganishi. Huko si kuuza darubini tena, ni kuoa kwa masharti ya wakwe.

Na ule mkanda unaokuja bure ndani ya boksi? Upime kwa tepu kwanza. Ukikuta uko chini ya 30 au juu ya kipimo chako, tumia, usiniletee habari za kununua mwingine.

Kwenye bei nina donge, wacha nilitoe. Op/Tech wa mabegani huko kwao ni kwenye dola 30 hivi. Kuusafirisha kwa kampuni za vifurushi mpaka Tanga niliambiwa gharama inayozidi bei ya mkanda, kisha ukifika kuna ushuru na VAT ya asilimia 18. Nikawatafuta wauzaji wa mtandaoni hapa hapa nchini. Picha nzuri, maelezo marefu, bei hakuna. "Bei njoo DM." Nikaenda DM. Swali la kwanza nililoulizwa: unaongoza watalii? Nikajibu hapana, ni mpenzi wa ndege tu. Bei ikaja. Nikamwomba rafiki yangu ambaye kweli anaongoza watalii aulize mkanda ule ule, saa ile ile. Kwake bei ilikuwa imeongezeka 40,000. Mkanda mmoja, muuzaji mmoja. Ina maana mtu anaadhibiwa kwa kuwa na kazi.

Na dukani nako, ule wa msasa niliurudisha. Mwenye duka hakuutazama, alininyooshea kidole ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwonyesha shingo. Akasema pole.

Wangu wa sasa uliletwa na dada mmoja mtalii wa Minnesota niliyekutana naye Amani, alipokuja mara ya pili. Njia hiyo ndiyo ya uhakika. Kama una ndugu anakuja kutoka Marekani, mwagize mkanda, na umwambie aongeze jozi moja ya Uni-Loop, ni nyepesi, zinaingia hata mfukoni.

Kwa wenye haraka na mfuko mdogo: nenda kwa wauza vipuri chakavu, nunua mkanda wa usalama wa gari, mita moja na nusu, mpelekee fundi viatu. Mwambie mshono uwe chini, usawa wa kifua, na ncha aikunje kwa nje. Akianza kuichoma kwa kiberiti, mshike mkono.