Nilimwambia mzigo utoke, akaugandisha: uzoefu wangu na fundi wa modeli hapa Moshi

Nianze na lililonichoma. Behewa langu la treni ya modeli, la kampuni ya Bemo, lile la wazi lenye kuta fupi, limerudi kutoka kwa fundi likiwa na magunia 54 ya kahawa yaliyogandishwa sakafuni kwa supagluu. Hayatoki. Nimeyasukuma kwa kijiti cha meno, nimeligeuza behewa juu chini nikalitikisa, hata gunia moja halikucheza. Na neno pekee nililomrudia yule kijana mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimeshakaa kwenye bodaboda, lilikuwa hili: fundi, mzigo utoke.

Chumba cha nyuma nyumbani kwangu nimejenga reli ya Tanga hadi Moshi kwa kipimo cha 1 kwa 87. Reli yetu ya kweli ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Gawa kwa 87, unapata milimita 11 na nusu, ndiyo maana nanunua mabehewa yanayotembea kwenye njia ya milimita 12, yale yaliyotengenezwa kwa kufuata reli za milimani za Uswisi, ambazo nazo ni za mita moja. Nayapaka rangi upya yafanane na ya kwetu. Stesheni nilizonazo ni Tanga, Korogwe, Same, Kahe yenye njia panda ya kwenda Taveta, na Moshi. Nilianza siku nyingi, lakini treni ya mizigo ya kweli iliporudi Moshi mwaka 2019, baada ya reli kulala miaka mingi, ndipo nilipoamua kwamba treni yangu haitatembea tena na mabehewa matupu.

Na hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mzigo kwenye treni ya modeli lazima utoke. Behewa linashuka Tanga na kahawa, linashushwa, linapanda tupu au na saruji au mbolea. Ukigandisha kahawa, kahawa ileile inapanda kurudi Kilimanjaro ilikotoka! Mtoto wa mdogo wangu, hata darasa la tatu hajafika, alikuja Jumapili akaitazama treni ikizunguka, akaniuliza: "Shangazi, mbona Tanga hawajashusha?" Sikuwa na la kumjibu. Mtoto ameona, fundi mzima hakuona.

Mizigo mingine naiunda mwenyewe na sihitaji msaada. Kokoto ni rahisi: unakata lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni, unalipa umbo la kilima, unalipaka rangi ya jiwe, unanyunyizia juu mchanga uliouchuja kwa chujio cha chai, halafu unadondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na tone moja la sabuni ya vyombo. Bila sabuni gundi inakaa juu kama mchuzi wenye mafuta, haizami. Mbao ni rahisi zaidi. Chini ya kila mzigo naweka kadibodi iliyopungua milimita moja kila upande, na ndani yake nazika washa ya chuma, ile pete bapa inayokaa chini ya nati. Ukitaka kushusha, unasogeza sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu, mzigo unainuka wenyewe. Na kabla ya kuanza kumwaga gundi yoyote, behewa unalitandika nailoni ndani. Nailoni! Kipande cha shilingi sifuri kutoka kwenye mfuko wa mkate.

Kilichonishinda ni magunia. Gunia la kahawa la kilo 60 ukilipunguza mara 87 linakuwa saizi ya haragwe. Nimejaribu udongo, nimejaribu kitambaa, nimejaribu hata mbegu zenyewe nilizopaka rangi, yakawa haragwe kweli, si gunia. Gunia lina tabia yake. Linabonyea katikati likilaliwa na jingine, lina masikio mawili kwenye kona, mshono uko kichwani. Ndipo rafiki akaniambia kuna kijana ana karakana ndogo Majengo, anatengeneza modeli za nyumba za kuwaonyesha wateja wa ramani, ana mkono mwepesi. Nikaenda. Masika yalikuwa hayajaisha, nakumbuka kwa sababu behewa nililifunga kwa mifuko miwili lisilowe.

Tukaelewana vizuri. Nilimwachia behewa achukue vipimo vya ndani, nikamwachia kadibodi yangu yenye washa kama mfano, nikamweleza kahawa haikai juu ya behewa la wazi bila turubai, mvua moja tu imekwisha thamani. Kwa hiyo nikaomba turubai lililokunjwa nusu, kama vile wapagazi bado wanapakia. Akaitikia yote. "Sawa mama. Sawa mama. Nimekupata mama." Sh 45,000, nusu nikatoa palepale.

Aliposema njoo, nilikwenda na furaha yangu yote. Alikuwa na simu sikioni, akaninyoshea behewa kwa mkono mmoja huku anaongea na mtu habari za mabati. Nikashika mzigo kwa vidole viwili niuinue. Haukuja. Nikajaribu tena. Nikamwambia, fundi, hii mbona imegoma? Akaondoa simu kidogo, akasema: "Mama, si ulitaka mzigo ukae? Umekaa. Hautoki huo hata gari likipinduka." Nikamwambia nilitaka utoke. Akaniangalia, akawaangalia vijana wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri kazi zao, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie: "Kwa midoli hii mama, mbona unaumia hivyo?"

Wakacheka.

Nimefundisha watu wazima, nimefundisha watoto, nimejibiwa vibaya mara nyingi, lakini pale nilishikwa na hasira iliyonipanda mpaka masikioni. Nililipa nusu iliyobaki kwa sababu sikutaka kusimama pale hata dakika moja zaidi. Sasa najuta kulipa. Ilipaswa nibaki na ile Sh 22,500 mpaka anitolee mzigo.

Nyumbani ndipo nilipouona uharibifu kamili. Supagluu ikikauka mahali palipofungwa hutoa mvuke, na mvuke ule hutua juu ya plastiki ukaacha ukungu mweupe kama unga. Kuta za ndani za behewa langu, rangi niliyopaka kwa brashi namba sifuri jioni tatu, zimechafuka ukungu huo kutoka kona hadi kona. Asetoni ingeyeyusha gundi, lakini ingeyeyusha na behewa. Nikalitia kwenye friza usiku kucha, kwa sababu baridi kali huifanya supagluu kuwa dhaifu na ya kukatika, nikalitoa alfajiri nikaligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Upande wa turubai uliachia, ukatoka na ubao mzima wa sakafu. Upande wa pili uko vilevile mpaka leo. Nikaacha, maana pigo moja zaidi ningevunja bogi.

Nyota moja. Hata hiyo moja nilikuwa nampa kwa sababu huwezi kutoa sifuri.

Lakini lazima niseme na hili, maana nisipolisema nitakuwa nimedanganya. Alfajiri ile, behewa likiwa bado na baridi ya friza, nililiweka chini ya taa ya kusomea nikachukua lenzi. Sijawahi kuona magunia kama yale. Kila moja lina mwendo wa nyuzi za katani: udongo ukiwa mbichi ameukandamiza kwa kipande cha soksi ya nailoni, alama za wavu zimebaki. Ameyapanga mabichi, kwa hiyo la chini limebonyezwa na la juu, tumbo limetoka pembeni, hakuna mawili yanayofanana. Mshono umechorwa kwa ncha ya sindano. Kamba za turubai ni uzi uliopitishwa kwenye nta usitoe manyoya. Na kwenye kona moja, karibu na mlango, gunia limetoboka, kahawa kidogo imemwagika sakafuni. Ni ya kijani iliyoingia kijivu! Mtu asiyejua angeweka kahawia, kwa sababu kahawa anayoijua ni ya kikombe. Kahawa inayopanda treni kwenda bandarini haijakaangwa. Kijana huyu amekulia mgombani, hiyo huwezi kuisoma mahali, na mimi sikumwambia neno juu ya rangi.

Nilikaa pale muda mrefu. Na hasira ilirudi upya, safari hii kubwa kuliko ile ya karakana, kwa sababu mtu anayejua kahawa ikoje kabla ya kukaangwa anajua pia kwamba kahawa hairudi mlimani. Alijua. Hakusikiliza tu. Alikuwa na simu.

Kwa hiyo nyota moja naifuta. Kwa magunia nampa tano, na kama kuna fundi mwingine Moshi au Arusha anayeweza kutengeneza gunia la saizi ya haragwe namna ile, sijamwona. Kwa kusikiliza mteja hapati kitu. Kwa lile neno la midoli mbele za watu, mpaka leo hajaniomba radhi, ingawa juzi alinitumia ujumbe kuuliza kama mzigo "umekaa poa". Sijajibu. Nimeandika jibu mara mbili nikafuta.

Ukitaka kwenda kwake, nenda, lakini usimwachie behewa. Pima ndani mwenyewe, urefu, upana na kina, toa milimita moja kila upande, mkatie kadibodi, uzike washa yako humo, umpelekee kadibodi peke yake. Atafanya kazi yake juu ya kadibodi na hatapata cha kugandisha. Mimi nimeshakata yangu, iko mezani tangu wiki iliyopita pamoja na kipande cha nailoni. Nataka marobota ya mkonge ya Korogwe, nayo nayaona tayari jinsi yatakavyokuwa mikononi mwake.

Behewa la kahawa nimeliweka njia ya pembeni pale stesheni ya Moshi, magurudumu nimeyawekea kabari. Mtoto akija nitamwambia bado wanapakia.